Fundi Anajibu: Home, Pro, au nibaki na Windows 10?

Mwezi huu meseji nyingi zilizoingia ni za Windows tu, toleo la Home au Pro, kumi au kumi na moja, hii yangu orijino au nimepigwa. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine, zilizofanana nimeziunganisha, na majina nimeyaacha maana kuna watu wameandika mambo humo ambayo bosi akiyasoma kazi hakuna.

Habari za kazi kaka fundi. Nataka kuchukua laptop used hapa Kariakoo, HP EliteBook 840 G3, jamaa anasema ina Windows 11 Home ila nikiongeza elfu hamsini ananipigia Pro ambayo eti ni nzito na haishiki virusi. Mimi nina stationery, kazi zangu Word, Excel, kuprinti na kuskani, jioni watoto wanaangalia katuni. Niongeze? (Msomaji, Tandika)

Usiongeze hata mia mbovu. Kwanza hilo la virusi ni stori za kuuzia, ulinzi wa virusi wa Home na wa Pro ni uleule, Defender ile ile, apdeti zile zile zinatoka siku moja. Pro haina kasi zaidi wala haipunguzi kustaki. Inachoongeza ni vitu vya ofisi: unaweza kuiingia mashine ukiwa mbali kwa Remote Desktop, unaweza kufunga diski nzima kwa BitLocker na kuisimamia mwenyewe, unaweza kuiunganisha na seva ya kampuni ili mtu wa IT azipangie mashine zote sheria moja, na kuna Hyper-V ya wale wanaoendesha kompyuta ndani ya kompyuta. Sasa wewe na stationery yako hapo umeona nini unachokihitaji? Mimi sijaona.

Pili, na hapa ndipo wengi wanapoliwa, EliteBook ni mashine ya maofisini, zikitoka kiwandani mara nyingi zinakuja na leseni ya Pro tayari, na tangu enzi za Windows 8 ile key, yaani namba ya leseni, haiko kwenye stika tena, imeandikwa ndani kabisa ya BIOS, ile programu ya kuwashia mashine iliyoko kwenye ubao wake. Yaani ukipiga Windows upya yenyewe inaisoma key yake na inakuwa activated ukishaingia intaneti, hulipi mtu. Kwa hiyo huyo jamaa kuna uwezekano mkubwa anataka kukuuzia kitu ambacho kiko humo ndani tayari. Mwambie afungue PowerShell, lile dirisha la kuandikia amri, aandike hivi mbele yako:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Zikitokea herufi na namba ishirini na tano, hiyo ndiyo key ya mashine. Isipotokea kitu basi hiyo mashine haina key kwenye BIOS, au ubao ulishabadilishwa, na hapo una haki ya kushusha bei.

Tatu, hiyo G3 ina prosesa ya Intel kizazi cha sita, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane. Kwa hiyo kama ina Windows 11 ujue imepitishwa dirishani. Inafanya kazi, sikatai, ila Microsoft wenyewe wameshasema mashine ya namna hiyo hawaihakikishii apdeti, na ukija mwaka ambao apdeti kubwa imegoma kuingia usimtafute muuzaji, atakuwa ameshahama frem. Kama bajeti inaruhusu ruka G3 na G4, tafuta 840 G5, au Lenovo ThinkPad T480, au Dell Latitude 7490, ila hata hizo uangalie prosesa yenyewe maana zipo chache zilizotoka na kizazi cha saba. Unaangalia namba: i5-8250U, hiyo 8 ya mwanzo ndiyo kizazi. i5-7200U hiyo ni ya saba, achana nayo.

Elfu hamsini yako weka kwenye RAM au SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka. Hapo utaona tofauti siku ya kwanza, kuliko neno Pro ambalo utaliona ukiingia Settings tu.

Shikamoo fundi. Laptop yangu imewaka asubuhi na skrini ya bluu inadai "BitLocker recovery key" namba arobaini na nane, mimi sijawahi kuweka kitu kama hicho na Windows yangu ni Home, si mmesema BitLocker ni ya Pro? Thesis yangu yote iko humo na nabakiza wiki nikabidhi. (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba, tulia kwanza, usimpe mtu yeyote aiformat. Nairudia kwa wengine pia, USIFORMAT, maana fundi wa haraka haraka ndiyo jibu lake la kwanza na ukikubali thesis ndiyo imekwenda.

Hivi ndivyo ilivyo. BitLocker kamili, ile unaiwasha na kuizima na kuchagua diski mwenyewe, ni ya Pro. Ila Home nayo ina mdogo wake anaitwa Device Encryption, teknolojia ni ile ile, tofauti yake huulizwi. Ukiingia kwenye laptop mpya kwa akaunti ya Microsoft mara ya kwanza inajifunga yenyewe kimya kimya, na kuanzia Windows 11 toleo la 24H2 wamelegeza masharti kwa hiyo mashine nyingi zaidi zinafungwa hivyo. Halafu siku moja umeapdeti BIOS, au fundi kagusa Secure Boot, ule ulinzi wa wakati mashine inawaka, mashine inashtuka, inahisi imeibiwa, inadai key.

Uzuri ni kwamba ilipojifunga iliihifadhi key kwenye akaunti ileile. Chukua simu, nenda aka.ms/myrecoverykey, ingia kwa email uliyotumia siku ulipowasha laptop mara ya kwanza. Siyo lazima iwe email unayotumia sasa hivi, na hapa ndipo watu wengi wanakwama, laptop iliwashwa na kaka yake dukani kwa email ya kaka. Kama ilikuwa ya kaka mpigie kaka. Kama ni ya muuzaji mrudie muuzaji. Kama ni akaunti ya chuo basi nenda kwa watu wa ICT wa chuo, wanaweza kuiona upande wao. Kwenye ile skrini ya bluu kuna Key ID, linganisha herufi za mwanzo na zile za kwenye akaunti maana unaweza kukuta key mbili tatu za mashine tofauti.

Na kama haipo popote? Hapo sina maneno matamu, data haitoki, hata Microsoft hawawezi kukufungulia, na anayekwambia ana programu ya kuifungua anataka hela yako. Ndiyo maana nawaambia wote mnaosoma hapa ambao laptop bado zinawaka vizuri: ingia Settings, Privacy & security, angalia Device encryption. Ikiwa On, nenda kaangalie key yako leo, iandike kwenye karatasi uiweke na vyeti vyako. Wengine wanauliza waizime, mimi nasema laptop ya kubeba kwenye daladala iache imefungwa, ikiibiwa mwizi anapata bati tu, picha zako na nyaraka zako hazioni.

Sasa fundi, niko Nakuru, nilinunua laptop ya ex-UK na ilikuwa imeandikwa Windows is activated, poa kabisa. Baada ya miezi kama sita hivi sasa inasema Activate Windows pale chini kwenye kona na wallpaper imekataa kubadilika. Nikiangalia ni Windows 10 Enterprise. Yule mtu wa duka anasema niongeze pesa anirudishie. Ni haki? (Msomaji, Nakuru)

Miezi sita, umejijibu mwenyewe bila kujua. Enterprise haiuzwi kwa mtu mmoja mmoja, ni ya makampuni yanayonunua leseni kwa wingi, na kampuni nyingi zinaactivate mashine zao kupitia seva yao ya ndani, utaratibu unaoitwa KMS. Activation ya KMS inadumu siku 180 tu, kisha mashine lazima iipigie tena hodi ile seva. Sasa laptop yako imetoka kwenye hiyo ofisi, au kuna mtu aliipiga Enterprise na kaseva feki ka kujiwekea ndani ya mashine, zile crack za mitaani, programu za kukwepa leseni, na vyote viwili mwisho wake ni huo.

Bonyeza Windows na R kwa pamoja, andika slmgr /dli, enter. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT ndiyo hiyo ninayokwambia. Ukiona OEM_DM ni leseni iliyozaliwa na mashine, hiyo ni nzuri. RETAIL ni iliyonunuliwa dukani na hiyo hata ukibadilisha mashine unahama nayo, OEM inabaki na ubao wake mpaka kufa. Ukiandika slmgr /xpr itakwambia kama activation ni ya kudumu au ina tarehe ya kuisha. Wote mnaonunua used fanyeni hivi vitu viwili kabla hela haijatoka mfukoni, havichukui hata dakika.

Kwako wewe usimlipe. Toa ile amri ya PowerShell niliyomwandikia wa Tandika hapo juu, kama key ipo kwenye BIOS basi hifadhi vitu vyako kwenye diski ya nje, daunlodi Windows kwa Microsoft wenyewe, ni bure kudaunlodi, ni zaidi ya GB 5 kwa hiyo tafuta WiFi ya mtu, flashi iwe ya GB 8 kwenda juu, piga upya uchague toleo la key hiyo, kwa mashine za maofisini mara nyingi ni Pro. Itajiactivate.

Na kuhusu hizo crack, maana kuna wengine watano wameuliza nisiwafiche: programu ambayo kitu cha kwanza inakwambia ni uzime antivairasi ndipo ifanye kazi, na unaipa ruhusa ya juu kabisa ya mashine unayoingilia benki, mimi sina la kuongeza. Key za dola tano mtandaoni nazo nyingi ni za makampuni, zinauzwa kwa watu mia, siku Microsoft wakiifungia mnalia wote pamoja.

Fundi mimi laptop yangu ni ya zamani, Intel kizazi cha nne, RAM 4, Windows 10 na naipenda. Nasikia imekufa. Itazima yenyewe? (Mama wa Ilemela)

Haizimi mama. Windows 10 ilitoka Julai 2015 na Microsoft wakaacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake inawaka na inafanya kazi kama kawaida ila tundu jipya la usalama likigundulika halizibwi. Kama unaandikia barua na kuangalia mahubiri hutaona tofauti kesho, ila kama unaingilia benki au unashika hela za kikoba humo, hapo mimi naogopa.

Una njia kadhaa. Kuna huo mpango wao wa nyongeza, ESU, ambao walitangaza utaendelea kutoa apdeti za usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026, unajiunga kwenye Settings pale Windows Update, lazima uwe na akaunti ya Microsoft na toleo lako liwe 22H2, ambalo utaliona ukiandika winver kwenye search. Kujiunga ni dola 30, au bure ukikubali kusawazisha settings zako kwenye akaunti yao. Chagua bure.

Njia nyingine ni kuweka Linux, mfumo mwingine unaokaa badala ya Windows, na usitishike na jina. Linux Mint ya Xfce, ile nyepesi, inakwenda vizuri na RAM 4, haina leseni ya kununua, na toleo la 22 wanalihudumia hadi 2029. Utafungua intaneti, utaandika kwa LibreOffice, utaprinti. Kinachokosekana ni Microsoft Office yenyewe na zile programu za Windows tu, kwa hiyo kama mhasibu wa kikoba anatumia programu fulani ya Windows usihame. Mwambie mwanao akupigie kwenye flashi kwanza uijaribu bila kugusa diski, inaruhusu hivyo, ukiipenda ndiyo mnaiweka moja kwa moja.

Kulazimisha Windows 11 kwenye kizazi cha nne na RAM 4 sikushauri. Ndiyo, masharti yao kwenye karatasi yanasema RAM 4 inatosha na diski GB 64. Karatasi inavumilia mengi.

Nimepata laptop mpya ya promosheni, nadaunlodi Chrome inakataa, nadaunlodi programu ya chuo inakataa, inanipeleka Microsoft Store tu. Imeharibika? Inasema Home in S mode. (Mwanafunzi, Mombasa)

Haijaharibika. S mode inaruhusu programu za Store peke yake. Nenda Settings, System, Activation, utaona pa kuhamia Home ya kawaida, inakupeleka Store, bonyeza Get. Bure, ila ukishatoka hurudi, na wala hutatamani kurudi. Usimlipe mtu kwa hiyo kazi.

Shemeji yuko Ujerumani katutumia laptop nzuri kweli ila video zingine hazichezi na kamera inasumbua kwenye simu za video. Fundi wa mtaani anasema sound card imekufa. (Msomaji, Tanga)

Andika kwenye search "About" uone limeandikwa toleo gani. Ukikuta Windows 11 Home N au Pro N, hiyo N ndiyo mchawi wako. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliipiga Microsoft faini ya yuro milioni 497 na kuiamuru iuze Windows isiyokuja na kicheza media chake, kisa wanawabana washindani, na toleo hilo la Ulaya linaendelea mpaka leo. Linakuja limenyofolewa vitu vya sauti na video ambavyo programu nyingine zinavitegemea, kamera ikiwemo. Dawa ni kwenda Settings, Optional features, kuongeza Media Feature Pack, kurestati. Sound card yako nzima, na huyo fundi asiifungue.

Nina ofisi ndogo ya uhasibu Arusha, kompyuta tano zote Home, vijana wanne. Nalipia bando kila baada ya siku mbili, Windows inakula kuliko vijana. Mtu kanishauri ninunue Pro zote tano, kwenye bei za Marekani ni dola 99 kila moja kuhama kutoka Home. Naona ni hela nyingi. (Mkurugenzi, Arusha)

Kwa bando tu usinunue. Hata kwenye Home una uwezo wa kusitisha apdeti hadi wiki tano, na kubwa zaidi nenda kwenye WiFi uliyounganisha, properties, washa Metered connection, hapo inaacha kushusha mizigo mikubwa kiholela. Halafu kuna kitu kinaitwa Delivery Optimization ndani ya Windows Update, kiache kimewashwa ila uchague mashine za mtandao wa ndani tu, usichague za intaneti. Ukiweka hivyo kompyuta moja ikishashusha apdeti nyingine nne zinaweza kuchukua kwake badala ya kila moja kwenda kununua kwa bando lako. Ukiiacha kwenye intaneti unakuwa unawagawia watu usiowajua duniani huko, kwa hela yako.

Lakini kaka wewe ni mhasibu, na hapo ndipo mimi nabadilisha wimbo. Kwenye hizo mashine kuna hesabu za watu, TIN zao, mishahara ya wafanyakazi wao. Pro kwako ina maana, ila siyo zote tano kwa mpigo. Anza na ile inayokaa mafaili ya wateja, na laptop zozote zinazotoka nje ya ofisi kwenda kwa mteja. Hizo ziwe na BitLocker na key zake ziwe kwako wewe siyo kwenye email ya kijana ambaye mwezi ujao anaacha kazi. Na ile mashine kuu ikiwa Pro unaweza kuiingia kwa Remote Desktop, hizo Home nyingine zinaruhusiwa kuingia kwake, Home inaweza kupiga hodi ila haiwezi kupigiwa. Usifungue tu Remote Desktop moja kwa moja kwenye intaneti, iwe ndani ya ofisi au kupitia VPN, ile njia ya siri ndani ya intaneti, wadukuzi wa kuteka mafaili wanaitafuta hiyo usiku na mchana.

Na kabla hujalipa hiyo dola 99 angalia BIOS za hizo tano, kama zilinunuliwa used za maofisini naona kabisa mbili tatu zina Pro zimelala humo ndani mtu kazipiga Home juu yake.

Fundi 32-bit au 64-bit? RAM yangu 8. (Msomaji, Kigoma)

64. Ukiweka 32-bit kwenye Home au Pro hiyo RAM yako itaonekana 4 tu, nyingine umeinunulia urembo. Windows 11 hata haina 32-bit.

Kaka nimeona YouTube wanasema nitumie LTSC ndiyo nyepesi na haina takataka, kwa nini hamuisemi? (Msomaji, Dodoma)

Kwa sababu huwezi kuinunua. LTSC ni tawi la Enterprise lililotengenezwa kwa mashine kama za hospitali na viwandani, zile zinazotakiwa kukaa miaka bila kubadilishwa sura, na leseni yake inapatikana kwa mikataba ya makampuni. Kweli ni safi, haina Store wala magemu ya kukuwekea, na ile ya Windows 10 ya mwaka 2021 inahudumiwa hadi Januari 2027. Ila hao wa YouTube ukiwafuatilia mpaka dakika ya mwisho utaona link ya crack pale chini, tumeshaiongelea kwenye swali la Nakuru. Unataka wepesi? Chukua Home yako, ingia Settings, Apps, Startup, zima vyote usivyovijua kazi yake isipokuwa vya sauti na touchpad, ondoa zile antivairasi za majaribio zilizokuja na mashine, na kama bado una diski ile ya kuzunguka weka SSD. Ukishafanya hivyo niandikie tena uniambie kama bado unaitaka LTSC.